Tramu na Tuta la Mwelu

Jumanne, 11 Machi

Sista Caroline wa kitengo cha figo pale Msambweni amenipa daftari hili niandike maji ninayokunywa. Kila tone, asema, hata mchuzi, hata chai. Nimemwambia mimi ni fundi cherehani, si karani. Amecheka: "Andika hivyo hivyo, Mama Aziz, nitakuja kukagua." Haya basi. Leo ni vikombe viwili na nusu, na kipande cha tikiti ambacho hakikualikwa. Ramadhani hii sifungi, nalipa fidia, lakini kiu ninayo kuliko wanaofunga. Na kwa kuwa kurasa ni nyingi na maji ni machache, palipobaki nitajaza maneno yangu.

Jumanne na Ijumaa ni siku zangu za kusafishwa damu, na leo nimekwenda kwa tramu. Wallahi nimeipanda! Kampuni imeiita tramu ingawa haina reli. Ni magari mawili yaliyoungana, yana matairi, yaenda kwa umeme yakifuata mstari mweupe waliouchora barabarani kutoka Ukunda. Sakafu yake iko chini kabisa. Ilipofika kituo cha hapa Kwa Nyanje, Kombe dereva akabonyeza kitu na gari zima likainama upande wa mlango, sssss, likatoa ulimi wa chuma, na mimi na kiti changu cha magurudumu tukaingia bila kubebwa na mtu. Vijana wa kijiweni wakapiga kelele kwa jina langu, "Linarukuu! Linamrukuia Mwanasha!" Mzee mmoja akawakemea kwamba rukuu si mchezo, kisha naye akacheka.

Tangu nikatwe mguu, miaka miwili, nimekuwa mzigo wa watu. Alamin, utingo wa matatu, ana wimbo wake: "Mama, wewe twakupakia, lakini gari juu ya gari haiwezekani." Leo tulimpita pale Gazi amesimama anaita abiria. Nikampungia mkono kama bibi harusi.

Jambo moja tu. Tukiondoka kituoni, mbele ya shule, kuna tuta la Mwelu. Mwelu alikuwa binti wa jirani yangu Rispah, wa darasa la pili, aligongwa na lori la kokoto akivuka kwenda shule. Siku ya tatu baada ya mazishi Rispah alitoka na jembe, na wanawake wa kijiji wakamfuata, wakajenga tuta kwa udongo na mawe na saruji iliyobaki kaburini. Wakubwa wa barabara walipokuja kulivunja, waliwakuta wanawake wamelikalia. Wakaenda zao. Tangu siku hiyo hakuna lori lililopita hapo bila kunywea na kupunguza mwendo, na hakuna mtoto aliyeguswa.

Kombe hulikwepa. Magurudumu ya kushoto huyapeleka pembeni kwenye mchanga, tumbo la gari likapita bila kugusa. Leo lilikwaruza kidogo tu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda na kurudi. Vikombe viwili. Rispah amenisukuma hadi kituoni huku akilalamika kwamba nimenenepa. Ni maji, mwanamke, si unene.

Jumatano, 19 Machi

Japheth, yule injinia kijana wa kampuni, amekuja kibandani kwangu na suruali iliyochanika magotini. Kutwa yuko uvunguni mwa gari. Ameniamkia shikamoo vizuri, kwa mtoto wa bara, nikamwambia avae kikoi wakati naitia kiraka.

Nikamuuliza kwa nini gari zuri namna ile litembee linaogopa tuta. Akachukua chaki yangu ya kukatia nguo, akachora mezani. Kumbe ziko za namna namna. Iko yenye sakafu juu, kituo nacho hujengewa kibaraza cha kimo hicho hicho, mtu akaingia sawasawa. Iko ambayo sakafu iko chini katikati, lakini ncha zote mbili zina ngazi, kwa sababu magurudumu yamo chini yake. Na iko yetu, ya chini mwanzo hadi mwisho, kama mkeka.

"Ipi bora?" nikamuuliza.

"Inategemea mji, mama. Hii yetu ni ya mji wenye barabara flat kama meza. Kutoka tumbo lake hadi lami ni hivi." Akapima kwa mkono: shubiri moja, tena ya mkono mdogo.

"Na mkaileta Kwale!"

"Kuna mji uliagiza nyingi kuliko ulivyohitaji. Hizi zilikuwa ready."

Nikamwambia mimi sikati kitambaa kabla sijampima mtu, na wao wametuvika nguo ya mtu mwingine. Akasema yeye alitaka ya sakafu ya juu na vibaraza, akaambiwa vibaraza vinachelewesha. Kijana mwenyewe si mbaya. Lakini nilimsikiliza nikihesabu moyoni: na mimi je? Gari hili si la mji wangu, lakini ni la mwili wangu. Mimi silirudishi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Rispah ameleta mbuzi, mimi nimempa leso nyekundu. Amejifunga hapo hapo. Pilau bila chumvi ni adhabu.

Ijumaa, 4 Aprili

Shule zimefungwa. Watoto wamepita wakiimba na viatu mikononi, kwa sababu masika yameingia leo na njia yote ni tope. Maji kila mahali, na mimi nimepimiwa vikombe viwili na nusu.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mchanga wa pembeni mwa tuta umeanza kuliwa na maji. Kombe alipita akisoma Bismillahi kwa sauti. Tumbo lilikwaruza urefu wote wa gari, na abiria wa nyuma wakapiga ukelele. Mimi sikupiga. Nilishika magurudumu yangu nikaomba tu lifike.

Ijumaa, 11 Aprili

Halikufika. Pembeni pameporomoka, pamekuwa shimo, na Kombe hakuwa na pa kulikwepea tuta. Akajaribu kulipanda polepole. Magari mawili, moja huku, moja huku, na katikati tuta limelichoma tumbo. Ukasikika mlio kama bati linapasuliwa, umeme ukazima, milango ikakataa. Tumening'inia pale. Wenye miguu wakatoka madirishani. Mimi nikabaki na kiti kimeinama, nimekamata nguzo, mvua inaingia.

Rispah ndiye aliyepanda. Akaingia dirishani na umri wake ule, akaniambia, "Kamata shingo yangu, Mama Aziz, na usinitapikie." Wanaume wanne wakanipokea nje kwenye matope. Matatu ya Alamin ikapita imejaa, naye hata hakuimba.

Sikusafishwa damu leo. Jioni kampuni imetangaza kwamba tramu itaishia Kwa Nyanje mpaka hapo itakapotangazwa tena. Hospitali iko upande wa pili wa tuta.

Jumamosi, 12 Aprili

Kikombe kimoja na nusu. Mguu uliobaki umevimba.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemwambia Rispah maneno mabaya. Nimemwambia tuta lake linaniua. Alimaliza kuninywesha uji, akaosha bakuli, akaenda kanisani.

Jumanne, 15 Aprili

Tuktuk iliyokubali kuja imezimika kwenye maji kabla ya Gazi. Tumesukumwa kurudi nyumbani. Kikombe kimoja.

Jumatano

Nikilala chali nazama. Nimekaa. Mkono hauandiki.

Jumamosi, 19 Aprili

Naandika kutoka wodini, Msambweni. Watanitoa leo.

Alhamisi asubuhi nilikuwa sipumui, navuta tu. Midomo, wanasema, ilikuwa ya zambarau. Matatu mbili zilisimamishwa, zote mbili zikamwona mtu anayekufa zikaondoka, kwani nani ataka maiti garini? Mulwa, mumewe Rispah, akakimbilia kwa mnunuzi wa mbuzi aliyekuwa anapakia pikapu, akamwambia kama hashushi mbuzi wachache basi apakie na mtu. Nililazwa katikati ya mbuzi. Rispah alikaa nyuma amenipakata kichwa, mvua inatunyeshea, mbuzi wanatukanyaga, naye njia nzima ananitukana kwa Kikamba nisilale. Sijui alisema nini. Najua lilikuwa tusi kwa sauti yake.

Sista Caroline alikuja kusoma daftari. Aliposoma Jumatano alilifunga, akaniambia bila kuzunguka: "Mama Aziz, mwili wako hauwezi tena kukosa mara mbili. Ukikosa hivyo tena, usitegemee mbuzi."

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka ya kina Rispah. Ameacha sherehe akaja kunifulia. Nikamwomba radhi kwa yale ya Jumapili iliyopita. Akasema, "Ulikuwa umejaa maji hadi kwenye ulimi." Tukacheka, kisha akalia, kisha nikalia, na sista angekuwapo angetuandikia na machozi.

Jumanne, 22 Aprili

Nimefika hospitali kwa gari la kuazima na nimerudi. Halitapatikana tena, mwenyewe analipeleka Shimoni. Rispah alikuwapo nilipompigia Japheth simu kumuuliza tramu itavuka lini. Nayaandika maneno ya kijana kama yalivyotoka, maana nimeyarudia kichwani tangu hapo.

"Mama, hilo tuta si baya. Shida ni jembamba na limesimama sana, gari inalala juu yake. Litandazwe tu, liwe pana, tumbo litapita."

"Litandazwe?"

"Ndiyo, mlitandaze. Lami tutaleta mvua ikikata. Hiyo inatosha kwa sasa."

Nikakata simu, nikamwambia Rispah: "Asema litandazwe, tramu itapita."

Alitazama mikono yake. Rispah ni mkulima. Ana matuta ya viazi na mihogo tangu walipokuja huku kwenye ardhi ya skimu iliyogawiwa na serikali, na kila mavuno yakiisha huyatandaza. Mimi mwenyewe nimemwona: unavuta udongo huku na huku na jembe mpaka shamba zima liwe sawa.

"Lote?" akauliza.

"Kasema litandazwe."

Nilimwona usoni, nikasema haraka kwamba si lazima, kwamba tutafute njia nyingine. Nilisema hivyo na moyo wangu wote ukiomba asinisikilize. Akasimama, akajifunga ile leso nyekundu kiunoni.

"Mwelu ameshakufa, Mama Aziz," akasema. "Wewe bado."

Alilibomoa peke yake. Wanawake walitoka na majembe wamsaidie, akawazuia. Nilimsikia kutoka kibandani, jembe na jiwe, jembe na jiwe, mpaka mvua ikaja, naye akaendelea ndani ya mvua. Alipomaliza barabara ilikuwa sawa kama shamba lililovunwa. Mawe yale aliyabeba moja moja akayapanga kwenye ua wake, nyuma ya banda la mbuzi.

Ijumaa, 25 Aprili

Tramu imepita. Kombe alipunguza mwendo pale kwa mazoea, kisha akakumbuka hakuna kitu. Nilifumba macho mpaka tulipoipita shule. Vikombe viwili.

Jumapili, 27 Aprili

Shule zinafunguliwa kesho. Nimempigia Japheth nimuulize lami lini. Asema wamempeleka Ukunda kwenye betri zilizoloa, lakini ameandika ombi. Nikampigia mkubwa wake. "Tutaangalia, mama. Tutaleta. Tutawajulisha." Kampuni nayo ina matuta yake, na hayo hayavunjiki kwa jembe.

Jumatatu, 28 Aprili

Tangu alfajiri Rispah yuko barabarani mbele ya shule. Ameivua leso nyekundu na anaipunga kwa mikono miwili. Lori likija anaingia katikati ya barabara, analipungia mpaka linywee, ndipo anawaambia watoto, "Haya, vukeni, msikimbie." Watoto wakitoka mchana yupo tena. Madereva wanamtukana. Anawajibu.

Nimemwita kibandani nikamwambia, "Mama Mwelu, wewe si tuta." Akaniambia nishone, niache makelele.

Ijumaa, 2 Mei

Nimesafishwa. Mvua. Leso imechuja rangi, nimempa nyingine, hataki. Asema madereva wameshaizoea ile.

Jumanne, 6 Mei

Tramu ilijaa leo, watu wa Milalani wameanza kuipenda. Mama mmoja mwenye mapacha alikaa karibu nami, akasema, "Gari hili limetukomboa." Nikaitikia ndiyo. Nje ya dirisha Rispah alikuwa amesimama kwenye mvua, mkono mmoja juu. Alipoona kwamba ni tramu aliushusha mkono akanipungia. Sikujua niupeleke wapi uso wangu.

Mume wa Rispah amekuja jioni. Mulwa si mtu wa maneno. Akasema, "Mwambie aache. Mimi hanisikii." Nikamwambia nimeshamwambia. Akaondoka, kikombe chake cha chai hajakimaliza, na mimi, Mungu anisamehe, nikaitazama ile chai.

Ijumaa, 9 Mei

Japheth amekuja. Mara ya kwanza tangu lile gari linase. Alishuka kwenye tramu pamoja nami wakati wa kurudi, akatembea hadi mbele ya shule, akasimama. Akarudi mbio kibandani.

"Mama, tuta liko wapi?"

"Si ulisema litandazwe?"

Akashika kichwa. "Nilisema litandazwe liwe pana! Mliongezee udongo huku na huku, liwe refu, kimo kibaki! Magari yangepunguza mwendo na tramu ingepita! Nani aliwaambia mlitoe?"

"Wewe," nikasema. "Kwetu tuta likitandazwa, halipo tena."

Akakaa chini sakafuni, pale pale penye vipande vya vitambaa. Injinia na vipimo vyake vyote na shule zake zote hajawahi kushika jembe, na mimi sikuwahi kumuuliza mara ya pili. Kuuliza kungechukua muda gani? Nilisikia neno nililotaka kulisikia, nikalipeleka mbio kwa mtu ambaye halikatai. Nimeona aibu mpaka masikio yakanichoma.

Ameapa kwamba Jumatatu atakuja na gari la udongo hata kama ni kwa pesa zake. Nimemwambia Rispah. Amesema, "Basi Jumatatu nitapumzika." Kisha akauliza, "Yaani lilikuwa libaki?" Nikasema ndiyo. "Si kitu," akasema. "Hukujua." Kikombe kimoja, hamu ya kunywa sina.

Jumatatu, 12 Mei

Rispah amekufa.

Jumanne, 13 Mei

Nilipelekwa hospitali na kurudishwa. Sikumbuki njia.

Sasa naweza kuandika. Jana asubuhi mvua ilikuwa nzito, huoni mkono wako. Nilikuwa mlangoni. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamekusanyika upande huu, na Rispah akaingia barabarani kama kila siku, leso juu. Lori lilikuja kutoka Msambweni na kokoto. Liliwasha taa, likapiga honi, nikaona magurudumu yamefungwa lakini lori lenyewe linakuja tu, linateleza, na yeye hakurudi nyuma kwa sababu nyuma yake kuna watoto waliokwisha kuanza kuvuka. Aliwageukia. Aliwasukuma wawili wakaangukia mtaroni. Ndipo likampata.

Nilisukuma kiti changu kwenye tope nikaanguka. Nilitambaa. Nilipofika, mwalimu mkuu alikuwa ameshamfunika kwa ile leso. Nikaifunua. Nilimwita, "Mama Mwelu, amka, nitukane." Watu wakanishika.

Gari la udongo la Japheth lilifika saa tano, likakuta umati. Japheth mwenyewe alishuka, akaelewa, akaenda kusimama peke yake nyuma ya gari. Watu walitaka kulichoma moto. Mulwa akawaambia waliache. Udongo ule utakwenda kaburini.

Jumatano, 14 Mei

Tumemzika karibu na Mwelu. Mimi sikuweza kufika kaburini, kiti kilizama, nikamzika kwa mbali. Pasta alisema alikuwa mama wa wote. Ni kweli, lakini kwangu alikuwa mtu aliyenifunga viatu. Kiatu.

Alasiri watu walikaa kikao uwanjani mwa shule. Mkubwa wa kampuni alikuja na mwavuli. Akatoa pole, kisha akaanza. "Tutaleta tuta la kisasa, pana, la kufaa tramu na usalama. Tutapata kibali. Wiki mbili, tatu. Tunaomba msijenge lolote kabla ya hapo, kwa sababu mkijenga la zamani, tramu haitapita tena huku, na kampuni itairudisha kwenye njia ya mahoteli."

Watu wakaguna. Mtu akasema wiki tatu ni nyingi, mwingine akasema hospitali je, wajawazito je, Mwanasha je. Hapo wote wakanigeukia. Mulwa akasimama na udongo wa kaburi ungali magotini.

"Mama Aziz," akasema, "mke wangu alilibomoa kwa ajili yako. Ukisema tusubiri la kwao, tutasubiri. Sema wewe."

Niseme nini? Nilitaka kusema tusubiri. Naandika kweli hapa, maana hakuna mwingine wa kumwandikia. Nilitaka. Wiki tatu ni mara sita za mashine, na kila mara naitaka kama mtoto anavyolitaka titi. Mdomo ulishafunguka. Nikasema moyoni, walimu watasimama barabarani, wazazi watapokezana, ni wiki tatu tu.

Halafu nikawasikia watoto nyuma ya uzio. Walikuwa wanacheza mchezo, mmoja ni lori, mmoja ameshika kitambaa, wanapokezana.

"Mama Mwelu alipolitandaza," nikasema, "tuliambiwa ni kwa muda. Lijengwe kesho. Lijengwe kama lilivyokuwa, na kimo kile kile."

Mkubwa akaanza kunieleza. Nikamwambia, baba, keti.

Alhamisi, 15 Mei

Tumejenga. Mawe ni yale yale, Mulwa aliyatoa nyuma ya banda la mbuzi. Saruji ni iliyobaki jana kaburini. Mimi sina mguu wa kusimamia jembe, basi nikawaambia wanisukume katikati ya barabara niwe kizuizi. Nimekaa pale na leso nyekundu mapajani, magari yamejipanga huku na huku, na hakuna aliyenitukana. Japheth alichanganya zege kwa mikono yake. Suruali yake imechanika tena, nimemwambia ailete.

Lilikuwa limekamilika, bado bichi, ilipofika tramu kutoka Ukunda. Kombe alisimama kituoni. Akaniona. Akabonyeza, gari likainama, sssss, ulimi ukatoka. Akashuka mwenyewe, akachutama mbele ya kiti changu, akanong'ona ili watu wasisikie.

"Mama, ingia. Saruji haijashika. Nikilipita sasa hivi kwa kasi litalala, nitakufikisha Msambweni, utalala huko na kesho uko kwenye mashine. Watalijenga upya jioni. Mara moja tu, mama. Kesho sitaweza."

Nililitazama lile gari. Mlango wazi, taa ndani, sakafu kavu iko sawa na magurudumu yangu. Sijawahi kutaka kitu namna ile, hata mguu wangu.

"Rudi Ukunda, mwanangu," nikamwambia.

"Mama—"

"Watoto wanatoka saa saba, Kombe. Rudi."

Akasimama. Akaingia, mlango ukafungwa, gari likainuka. Tramu ile haigeuki, ina usukani huku na huku. Akatembea ndani, kiti hadi kiti, mpaka upande wa pili, akaondoka nayo.

Saa saba watoto wakavuka. Lori la kwanza lilifika kwenye tuta, likanywea.

Nimempigia simu Alamin. Nimemwomba, mimi Mwanasha, nimemwomba kwa unyenyekevu. Amesema, "Tutaona, mama." Na yeye ana tuta lake.

Mvua inapiga bati tangu magharibi. Leo maji nusu kikombe. Kesho ni Ijumaa.